Dawa na Sala katika Nchi ya Buganda

Neno dawa ni jepesi kulitamka, lakini limebeba mzigo mzito. Mtu wa pwani huita dawa kidonge apewacho hospitalini, huita dawa mizizi iliyochemshwa chunguni, huita dawa hirizi iliyofungwa mkononi, tena huita dawa kitu kilichofukiwa kizingitini ili kumdhuru mwenye nyumba. Maji waliyopewa wapiganaji wa Maji Maji kusini mwa Tanganyika mwaka 1905, wakaamini kuwa risasi za Wajerumani hazitawadhuru, nayo yaliitwa dawa. Waganda wana neno lao, eddagala, nalo limebeba mzigo uo huo. Kwa ajili ya neno hilo ulizuka Buganda, mwaka 1914, ugomvi uliowatoa watu kanisani kwa maelfu, ukamvua cheo mmoja wa wakubwa wa nchi, na mwishowe ukamfikisha mtu kaburini kwa njaa aliyoichagua mwenyewe.

Ili kuufahamu ugomvi huo yafaa kwanza tujue jinsi Waganda wa kale walivyoyatazama maradhi. Tauni waliiita Kaumpuli, na Kaumpuli alikuwa pia mmoja wa balubaale, yaani mizimu wakubwa wa nchi, mwenye hekalu lake na makuhani wake. Ndui ilikuwa mkononi mwa Ndawula. Mukasa, mwenye ziwa, aliombwa uzazi na neema. Kwa hiyo mgonjwa hakuuliza tu, “Nina nini?” bali aliuliza pia, “Nimemkosea nani?” Mganga alimpa majani ya kunywa, na pamoja na majani akampa jambo la kutenda: sadaka ya kutoa, jamaa wa kupatana naye, nadhiri ya kutimiza. Wamisionari wengi waliona kwamba hayo yote ni giza tupu. Walihukumu kwa haraka. Majani mengine yaliponya, mengine yalidhuru, na mengine hayakufanya lolote; lakini mgonjwa hakuachwa peke yake na hofu yake, na hilo si jambo dogo kwa mtu alalaye akitazama paa usiku kucha.

Mwezi wa Februari 1897 alifika Mengo, makao ya Kabaka, tabibu kijana wa Kiingereza aliyeitwa Albert Cook, mtu wa Church Missionary Society. Alitoka Mombasa na msafara, akaenda sehemu kubwa ya njia kwa miguu, maana reli ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kujengwa. Katika msafara huo alikuwamo muuguzi, Katharine Timpson, ambaye Cook alimwoa mwaka 1900. Hospitali yao ilianza kwa vitanda vichache sana. Jengo kubwa zaidi lililofuata lilipigwa na radi mwaka 1902 likateketea. Mwenye kupenda ishara angeweza kusema mengi juu ya radi hiyo. Cook alijenga tena, safari hii kwa matofali, na kufikia mwaka 1904 wagonjwa walikuwa na nyumba mpya. Kama ilivyokuwa desturi katika hospitali za misheni, wagonjwa waliokusanyika asubuhi walisikia kwanza Neno likisomwa, wakasali, ndipo wakaonwa. Kwa Cook sala na kisu cha tabibu vilikuwa vya Bwana mmoja, wala hakuona kwamba kimoja chaweza kuwa adui wa chenziwe.

Walakini hapa ndipo penye fundo. Wamisionari hao hao walikuwa wamewafundisha Waganda kwamba Mkristo hana sehemu na eddagala. Hirizi zilitupwa motoni, na mwenye kurudi kwa mganga alihesabiwa kuwa amerudi nyuma. Kisha, juu ya kilima kile kile cha kanisa, tabibu wa Kizungu akatoa chupa na kusema kwamba yaliyomo ni eddagala, na kwamba Mkristo anywe. Kwa Mzungu vitu hivi ni viwili, maana lugha yake ina majina mawili. Kwa Mganda vilikuwa kitu kimoja chenye jina moja, kilichokatazwa Jumapili na kugawiwa Jumatatu. Zaidi ya hayo, Biblia nzima ilikuwa imekwisha kutafsiriwa kwa Kiganda tangu mwaka 1896, na Waganda walikuwa wasomaji hodari. Mtu aliyeisoma sura ya 18 ya Kumbukumbu la Torati, iliyokataza uaguzi na uganga, hakuhitaji tena kumngojea padre amweleze maana yake.

Tena tusisahau yaliyotokea katikati. Mwaka 1901 Cook na ndugu yake Jack, naye pia tabibu, waliwaona hospitalini Mengo wagonjwa wa kwanza wa malale. Ugonjwa ulienea ufukoni mwa ziwa, Busoga na visiwani, ukafagia vijiji. Mwaka 1903 wataalamu waliotumwa Entebbe walithibitisha kwamba ndorobo ndiye aenezaye, lakini kujua sababu si kuponya. Watu zaidi ya 200,000 walikufa katika miaka michache. Waliosali kwa balubaale walikufa, waliosali kanisani walikufa, na waliokunywa dawa ya hospitali walikufa. Kilichosaidia hatimaye ni kuwahamisha watu walio hai mbali na ufuko, kazi iliyofanywa siku za Gavana Hesketh Bell. Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake, kisha akaambiwa kwamba dawa ya Mzungu ni kipawa cha Mungu, aliweza kuuliza, bila kuwa mjinga, kipawa hicho kilikuwa wapi.

Joswa Kate aliuliza. Cheo chake kilikuwa Mugema, mkuu wa ukoo wa Nkima, cheo cha kale chenye kazi yake katika kumtawaza Kabaka. Naye alikuwa pia chifu wa jimbo la Busiro na Mkristo wa siku za mwanzo. Alishikilia kwamba aliyemtegemea Mungu Mwenyezi hawezi pamoja na hayo kuitegemea chupa. Alionywa na wakuu wa kanisa, hakugeuka. Mwaka 1914 akaungana na mwalimu mmoja, Malaki Musajjakawa, wakaanzisha dini yao, Chama cha Mungu Mmoja Mwenyezi, na kwa jina la Malaki wafuasi wakaitwa Wamalaki.

Watu waliingia kwa makumi ya maelfu. Ingekuwa si haki kusema kwamba wote waliingia kwa ajili ya kukataa dawa. Makanisa ya misheni yalimtaka mtu ajifunze muda mrefu kabla ya kubatizwa, na mwenye wake wengi hayakumbatiza. Malaki alibatiza upesi, wala hakuuliza idadi ya wake. Hata Semei Kakungulu, jemadari mashuhuri wa mashariki, alijiunga nao, mpaka mwaka 1919 alipofuata sheria za Musa kwa ukamilifu, akatahiriwa, akaanzisha karibu na Mbale ile jamii ya Wayahudi wa Kiafrika iliyopo hata leo.

Serikali iliwavumilia Wamalaki kwa muda, ingawa Mugema aliondolewa katika uchifu. Subira iliisha ilipokuja habari ya tauni. Hapa maoni yangu hayako upande wa Mugema. Alexandre Yersin alikuwa amekigundua kijidudu cha tauni huko Hong Kong tangu mwaka 1894, na mwaka 1898 Paul-Louis Simond akaonyesha kwamba viroboto vya panya ndivyo viuenezavyo ugonjwa kwa watu. Haya hayakuwa tena mambo ya kukisia. Mtu mzima akataaye dawa kwa imani yake hujiamulia nafsi yake. Akataaye kinga ya tauni humwamulia na jirani, na mtoto wa jirani ambaye hakuulizwa. Wamalaki waliikataa kinga hiyo kwa watu, na chanjo ya ng'ombe vilevile. Mwaka 1929 viongozi wakakamatwa na kupelekwa kaskazini. Malaki alikataa kula, akafa huko mwaka huo huo. Mugema aliishi uhamishoni hata alipofariki mwaka 1942. Serikali ilifaulu kuwanyamazisha. Kuwashawishi ni kazi nyingine, na kwa kiongozi aliyefungwa kazi hiyo haifanyiki.

Wala msomaji asidhani kwamba mawazo ya namna hii ni ya Afrika peke yake. Katika Essex, nchini Uingereza, lilianzishwa mwaka 1838 kundi la Wakristo walioitwa Peculiar People. Nao walimwamini Mungu pasipo tabibu, na baadhi ya wazazi wao walishitakiwa mahakamani kwa kuwanyima matibabu watoto waliokufa.

Je, sala yaweza nini basi juu ya mwili? Swali hili limepimwa karibu na siku zetu. Mwaka 2006 Herbert Benson na wenzake walitangaza matokeo ya utafiti juu ya wagonjwa 1,802 waliopasuliwa moyo katika hospitali 6 za Marekani. Kundi la kwanza liliombewa na watu wasiowajua, bila wagonjwa kuwa na hakika. La pili halikuombewa, nalo pia halikuwa na hakika. La tatu liliombewa na kuambiwa hivyo. Waliopata madhara baada ya kupasuliwa walikuwa 52 katika kila 100 kundi la kwanza, 51 la pili, na 59 la tatu. Sala ya mgeni wa mbali haikuonekana kupunguza kitu. Na huenda walioambiwa waliingiwa na hofu, wakajiuliza hali yao ni mbaya kiasi gani hata waombewe.

Lakini mwaka 2016 ulitolewa utafiti wa namna nyingine, juu ya wauguzi wanawake 74,534 wa Marekani waliofuatiwa kwa miaka 16. Waliokwenda kwenye ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikufa kwa uchache wa kama theluthi moja kuliko wasiokwenda kabisa. Watafiti waliona kwamba sehemu ya tofauti hiyo yatokana na kutovuta sigara, na kupungukiwa na huzuni, na kuwa na watu wa kumtazama mtu anapougua. Hesabu ya namna hii haithibitishi kwamba ibada ndiyo sababu, maana mgonjwa sana hawezi kutembea mpaka kanisani au msikitini. Walakini tofauti ni kubwa, haifai kupuuzwa. Nami naona kwamba inakaribiana na jambo lile alilolijua mganga wa kale, aliyemtuma mgonjwa akapatane na jamaa yake.

Baada ya Malaki kufa wafuasi wake walipungua, wengi wakarudi katika makanisa waliyotoka. Katharine Cook alikuwa tangu mwaka 1919 na shule ya kuwafundisha wasichana wa Kiafrika ukunga, na wakunga hao walikwenda vijijini, wakieleza kwa Kiganda, mlango kwa mlango, mambo ambayo amri haikuweza kuyaeleza. Albert Cook alifariki Kampala mwaka 1951, akazikwa Namirembe penye kanisa kuu. Toka kaburi lake hata hospitali ya Mengo ni mwendo mfupi wa miguu, nayo ingali inapokea wagonjwa.