Kuchelewa kusema: usemi au lugha?

Mtaani tunasema "mtoto amechelewa kuongea", basi. Kliniki huhitaji istilahi mbili, na Kiswahili kinazo: kuchelewa kwa usemi na kuchelewa kwa lugha. Usemi ni utamkaji wa sauti. Lugha ni kuelewa maneno na kuyaunganisha yalete maana. Mtoto wa miaka miwili anayeita gari "gali" hana kasoro yoyote ya lugha, na hata usemi wake unakwenda na umri. Lakini ukimwambia "lete kikombe" bila kunyoosha kidole, naye akabaki kukutazama, hapo pana jambo, na la kwanza ni kupimwa masikio. Kukata udata, ule utando wa chini ya ulimi, hakumpi mtoto maneno. Lugha haikai huko.

Nalipenda neno "kuchelewa" kwa kuwa halimtii mtoto alama, kama linavyofanya "bubu". Ila aliyechelewa hutarajiwa kufika, na wengine hawafiki bila msaada. Kwa hao, mwaka 2017 jopo la wataalamu lililoongozwa na Dorothy Bishop wa Uingereza lilipendekeza istilahi ambayo mimi naitafsiri "tatizo la ukuaji wa lugha". Utafiti uliochapishwa huko mwaka 2016 uliona kuwa takriban watoto 7 katika kila 100 wanaoanza shule wanalo, bila chanzo kinachojulikana.

Kigumu zaidi kuliko jina ni kipimo. Kwa Kiingereza, mtoto wa miezi 24 huhesabiwa amechelewa akiwa na maneno yasiyofika 50, au ikiwa bado haunganishi mawili. Sasa hesabu "sitaki". Kwenye karatasi ni neno moja, ilhali ndani yake mna mtu, ukanushi na kitendo: sentensi kamili. Anayesema "nipe" ameunganisha au hajaunganisha? Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu watoto wa Nairobi, alionyesha kwamba wadogo huangusha viambishi vya mwanzo, wakasema "meanguka" kwa "ameanguka". Huo ni ukuaji wa kawaida, na kipimo kilichotafsiriwa neno kwa neno hakiwezi kuuona. Huko Kilifi, Katie Alcock na wenzake walifanya ninavyotaka: walitengeneza orodha za maneno upya kwa Kiswahili na Kigiriama, kisha wakawauliza wazazi kwa mdomo, maana wengi hawakusoma. Nyumba yenye lugha mbili haimcheleweshi mtoto. Hesabu tu maneno yake ya lugha zote.

Nyumbani, acha kuamuru "sema maji! sema!" Mtihani huo humfunga mdomo. Zungumzia anachokitazama yeye, kisha nyamaza umpe nafasi, hata kimya kikikukera. Akitamka "maji", mrudishie zaidi kidogo: "Unataka maji. Maji baridi haya." Wataalamu huita hivyo kupanua kauli, na bibi zetu wengi walikuwa wakifanya bila kuambiwa.

Usingoje aanze shule ndipo umtafute mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Na mtoto aliyekuwa na maneno kisha yakampotea apelekwe mara moja, awe na umri wowote.