Madoa ya Jua yanayojizungusha na ukimya wa redio

Tarehe 6 Septemba 2017, saa 9:02 alasiri kwa saa za Juba za wakati huo, Jua lilitoa mlipuko wa daraja la X9.3, mkubwa kuliko yote tangu mwaka 2005. Chanzo chake kilikuwa kundi la madoa meusi katika uso wa Jua, ambayo wanasayansi walibaini kuwa yalikuwa yakijizungusha na kupishana.

Mwendo huo husokota nguvu za sumaku zilizomo katika madoa, mithili ya kamba, na kulimbikiza nishati hadi ifyatuke. Hata hivyo, si kila doa linalojizungusha huleta mlipuko.

Miale ya eksirei hufika duniani kwa takriban dakika 8 na kuzidisha chembe zenye umeme katika angahewa ya juu. Hapo mawimbi mafupi ya redio humezwa, katika upande wa dunia wenye mchana. Siku hiyo Afrika ilikuwa upande huo.

Kwa hiyo, masafa mafupi yakinyamaza ghafla mchana mjini Juba, huenda redio ni nzima. Matangazo ya FM huendelea, kwa kuwa hayategemei tabaka hilo.