Chuma Chakavu na Hazina ya Karagwe

Nchi ambayo leo imegawanyika katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ilikuwa zamani chini ya ufalme mmoja wenye makao yake Bweranyange. Kyerwa ilipata kuwa wilaya mwaka 2012. Historia ya chuma cha nchi hiyo yamfaa kila anayejiuliza ni vitu gani vya kale vihifadhiwe, vipi vigeuzwe vitumike tena, na vipi viachwe viende zake.

Speke na Grant walifika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, na Stanley akafuata mwaka 1876. Huyu wa mwisho alionyeshwa nyumba ya duara iliyojaa silaha na sanamu za madini, zikiwamo za ng'ombe. Katika vyombo vya enzi vya Karagwe zimo pia fuawe za chuma zenye umbo la nyundo. Mapokeo humsifu Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mhunzi hodari. Chuma kilihitajiwa kwa jembe na mkuki. Kwa hiyo kuwa na chuma kingi kisicholima wala kupigana kulikuwa dalili ya ufalme. Maskini hakuweza kujipatia fahari hiyo.

Mhunzi alikuwa na desturi nyingine. Kwake jembe lililochakaa halikuwa takataka: lilirudi motoni, likatoka kisu. Hata mavi ya chuma yalikuwa na kazi. Mwaka 1976, upande wa mashariki katika Buhaya, wazee walijenga tena tanuru la kale mbele ya mtaalamu Peter Schmidt. Lilikuwa na kimo cha karibu mita moja na nusu, limejengwa kwa mavi ya chuma na udongo, juu ya shimo lililojazwa matete yaliyochomwa nusu. Uchafu wa tanuru la jana ukawa ukuta wa tanuru la leo. Schmidt na mwenzake, Donald Avery, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao mwaka 1978.

Lakini wazee hao walijenga kwa kumbukumbu za ujanani, kwa kuwa kazi ya kuyeyusha mawe ya chuma ilikuwa imekoma miaka mingi. Chuma cha Ulaya kilikuwa kimeingia kwa bei nafuu. Mhunzi aliona heri kufua chakavu kuliko kuchimba mawe, kuchoma makaa na kuchoka penye mivukuto. Hakukosea, alifanya hesabu kama afanyavyo kila mwenye akili. Hata hivyo, chuma hakikupotea, bali yalipotea maarifa ya kukizaa. Kutumia tena vya kale, jambo linalosifiwa sana, ndiko kulikosaidia kuizika fani ya kale.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Ila hazina ya Bweranyange yaonyesha kwamba hata kuutunza mbacha hakutoshi, maana ng'ombe wa chuma hasimulii alivyofuliwa. Mkulima akikuta mavi ya chuma chini ya migomba yake, ana haki ya kuyaondoa apate kulima. Linalompasa ni kumwuliza kwanza mzee wa kijiji yalitoka wapi, maana mzee naye hadumu.