Tone la damu la Upare

Ukitoka Same kwa barabara ya Kisiwani na Gonja, milima ya Upare Kusini inakuwa mkono wako wa kulia, mbuga za Mkomazi kushoto. Miaka 70 iliyopita, damu ya watu wa tambarare za Pare ilitumika kujibu swali zito: je, kinga ya mwili inaweza kuguswa bila kumdhuru mwenyewe?

Swali hilo liliwagawa wataalamu wa malaria waliokutana Kampala mwaka 1950. Dk. Bagster Wilson na wenzake walionya kwamba anayeumwa na mbu tangu utotoni hujijengea kinga. Mbu wakiondolewa kisha wakarudi, watamkuta hana ngao. Wengine wakasema kinga hiyo hulipiwa kwa roho za watoto.

Mwaka 1954 taasisi ya malaria aliyoiongoza Wilson, iliyokuwa Amani, Usambara, ilianza Mradi wa Pare-Taveta. Kuanzia 1955 hadi 1959 kuta za nyumba zilipuliziwa dawa ya kuua mbu iitwayo dieldrini. Vijijini mtoto alichomwa kidole, tone la damu likapakwa kwenye kioo na kutafutwa vimelea kwa hadubini. Mpimaji alimbonyeza chini ya mbavu za kushoto kuona kama wengu umevimba. Wingi wa damu (hemoglobini) nao ulipimwa.

Majibu yalitia moyo: hemoglobini ilipanda, vifo vya watoto wachanga vikapungua. Upuliziaji uliposimama, malaria ilirudi taratibu, na maafa yaliyohofiwa hayakutokea.

Lakini kinga ina upande mwingine. Katika miaka ya 1960, Dk. John Kibukamusoke na wenzake wa hospitali ya Mulago, Kampala, walionyesha kuwa aina moja ya malaria inahusiana na ugonjwa wa figo kwa watoto. Askari wa mwili, yaani kingamwili, hugandamana na mabaki ya vimelea, kisha hunasa kwenye vichujio vya figo na kuviharibu.

Katika ugonjwa wa lupasi figo huumia kwa njia inayofanana na hiyo, ila hapa adui wa nje hayupo. Kikulacho ki nguoni mwako: askari hushambulia hata DNA ya mwili wenyewe. Figo zinapowaka moto, mara nyingi kipimo huonyesha askari hao wamezidi, huku protini za kinga ziitwazo komplimenti zimeshuka kwa sababu zinatumika vitani. Damu hupungua, na protini huvuja kwenye mkojo.

Ndiyo maana mama au binti mwenye maumivu ya viungo yasiyokoma, vipele usoni, miguu iliyovimba au mkojo wenye povu asiishie kumeza dawa za malaria. Apimwe damu na mkojo mapema, kwa maana lupasi ikigunduliwa mapema, figo nyingi huokolewa. Watu wa Upare walitoa tone la damu, na swali zito likapata jibu. Nasi tusiogope kulitoa.