Bunduki na Sheria: Somo la Kilima cha Chetambe

Msafiri atokaye Kakamega kwenda Webuye, akiukaribia mji huo, huona mbele yake ukingo wa mlima uliosimama kama ukuta. Huko juu palikuwa na boma la Wabukusu lililoitwa Chetambe. Wenyeji walichimba handaki na kuinua kuta za udongo, wakatumaini ya kwamba adui hataweza kuzipita. Mwaka 1895 boma hilo lilitekwa na watu wengi wakafa ndani yake. Wanafunzi wengi wamesikia habari za vita hivyo, lakini ni wachache wakumbukao chanzo chake. Chanzo kimoja kikubwa kilikuwa ni amri ya kurudisha bunduki.

Sheria ya kuzuia bunduki ina kusudi jema, nalo ni kuokoa maisha ya watu. Mbona basi imekuwa vigumu namna hii kuipitisha na kuitimiza katika nchi zetu? Ili tupate jibu, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Katika karne ya 19 majeshi ya Ulaya yaliacha magobori, yaani bunduki zile za zamani zilizoshindiliwa baruti kwa mbele, yakachukua bunduki mpya zinazotiwa risasi kwa nyuma. Silaha kuukuu zikawa nyingi na bei yake ikashuka. Wafanya biashara walizinunua wakazileta pwani yetu, na misafara ya kutafuta pembe za ndovu na watumwa ikazipeleka bara. Mwaka 1888 Balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, aliiandikia serikali yake ya kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Aliogopa kwamba muda si mrefu watu wa bara wangekuwa na silaha sawa na zile za Wazungu waliotaka kuwatawala.

Hofu hiyo, pamoja na haja ya kukomesha biashara ya watumwa, ndiyo iliyowakutanisha wajumbe wa mataifa huko Brussels tangu Novemba 1889. Tarehe 2 Julai 1890 walikamilisha mkataba. Mkataba huo ulikataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini ya Ikweta hata digrii 22 kusini yake. Silaha zilizoruhusiwa zilitakiwa kuwekwa katika ghala za serikali, zisitolewe ila kwa kibali.

Kuandika ni jambo moja, na kutimiza ni jambo jingine. Uholanzi ilikawia kutia sahihi kwa sababu ya ugomvi juu ya ushuru wa forodha katika Kongo. Bunge la Ufaransa lilikataa sehemu ya mkataba iliyohusu kupekuliwa kwa merikebu baharini. Kwa hiyo mkataba haukuanza kufanya kazi mpaka mwaka 1892. Tena ulikuwa na mlango wazi: magobori yaliweza kuuzwa kwa kibali. Na kila Dola ilijiachia ruhusa ya kuwapa askari wake silaha ilizotaka. Mtawala Menelik wa Ethiopia naye alipata bunduki nyingi, na tarehe 1 Machi 1896 akawashinda Waitalia huko Adwa. Mwafrika asomaye habari hiyo hufurahi, wala hakosei. Walakini yafaa akumbuke ya kwamba bunduki ileile imlindayo mmoja yaweza kumwua mwingine, na hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili.

Sasa turudi kwetu. Mji wa Mumias, ulio leo katika Kaunti ya Kakamega, ulikuwa makao ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Misafara ya pwani ilipumzika kwake, ikanunua chakula na pembe. Wawanga walipata rafiki wenye bunduki, nao waliwatumia katika vita na majirani zao, Wabukusu wakiwa miongoni mwao. Baada ya Waingereza kutangaza ulinzi wao juu ya Uganda mwaka 1894, walijenga kituo hapo Mumias, kwa maana wakati huo nchi yetu hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mapema mwaka 1895 alifika afisa aitwaye C. W. Hobley kukisimamia.

Askari wa kituo wengi wao walikuwa Wasudani. Wengine walitoroka na bunduki zao, na baadhi ya bunduki hizo zikafika mikononi mwa Wabukusu. Hobley alidai zirudishwe. Wabukusu walikataa. Kikosi kidogo cha askari kilichotumwa kuzichukua kilishambuliwa, na karibu wote wakauawa. Ndipo lilipotumwa jeshi kubwa la Wasudani, Waganda na Wawanga. Lilipiga kwanza boma la Lumboka, kisha Chetambe. Wale waliotakiwa kutoa bunduki chache walivunjwa kwa silaha zilizozidi sana zile walizodaiwa.

Je, Wabukusu walikosa? Kuua askari ni jambo zito, wala si kazi yangu kulipamba. Lakini hebu tujiweke mahali pao. Kwa miaka mingi walikuwa wamevamiwa na jirani mwenye rafiki wa bunduki. Sasa anakuja mgeni ambaye ni rafiki wa jirani yuleyule, anawaambia: leteni bunduki zenu. Hakuwaambia ni nani atakayewalinda kesho. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mwenye kutoa amri aliona utamu wake tu.

Ubaya huo ulionekana tena wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Sheria ya Bunduki, ambayo ingali msingi wa sheria zetu za silaha, ilitungwa mwaka 1953, katikati ya vita vya Mau Mau. Kanuni za wakati ule zilimpa adhabu ya kifo mtu aliyekamatwa na silaha bila ruhusa, huku walowezi wakivaa bastola viunoni hata mezani pa chakula. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi. Baada ya Uhuru mwaka 1963 Kenya iliendelea na sheria hiyo, kwa kuwa taifa huru nalo lahitaji kujua ni nani mwenye bunduki. Lakini kumbukumbu ya sheria iliyowabana wengine na kuwaachia wengine haifutiki upesi.

Pengine msomaji atasema: hayo yalikuwa makosa ya wageni, nasi sasa twajitawala. Basi na tuwatazame majirani zetu wa Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, Wakaramoja walivunja ghala la kambi ya Moroto wakachukua maelfu ya bunduki za kivita. Wizi wa ng'ombe, uliokuwa wa mikuki, ukawa wa risasi, na athari zake zikavuka mpaka mpaka kwa Wapokot na Waturkana wa Kenya. Desemba 2001 serikali ya Uganda ilianza kuwataka watu watoe silaha kwa hiari, na maelfu ya bunduki zikatolewa. Lakini mwaka 2002 sehemu kubwa ya jeshi lililoahidi kuwalinda ilihamishwa kwenda kupigana na waasi wa Joseph Kony. Waliotii sheria wakabaki mikono mitupu, nao wakavamiwa na majirani ambao hawakutoa zao. Baada ya hapo, ni mzee gani angewashauri vijana wake watii mara ya pili?

Hata karibu nasi zaidi, Machi 2008, Jeshi la Kenya lilipelekwa Mlima Elgon kuwakomesha wapiganaji wenye silaha waliokuwa wameua mamia ya watu katika ugomvi wa mashamba. Kundi lile lilivunjwa. Walakini vikundi vya kutetea haki za binadamu vilieleza ya kwamba wanaume wengi waliokamatwa waliteswa na askari. Hivyo mwananchi wa mlimani alipata hofu ya pande mbili, hofu ya mwenye bunduki ya siri na hofu ya mwenye bunduki ya serikali.

Haifai kudhani ya kwamba hakuna lililofanyika. Tarehe 15 Machi 2000 mawaziri wa nchi 10 za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika walitoa Azimio la Nairobi juu ya silaha ndogo. Tarehe 21 Aprili 2004 likafuata Itifaki ya Nairobi, iliyoanza kufanya kazi mwaka 2006. Itifaki hiyo yazitaka serikali zitie alama kila bunduki, zitunze daftari zake, na kuwakataza raia bunduki za kivita. Mwaka 2006 pia, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 7 zilizouandika mswada wa Umoja wa Mataifa uliofungua njia ya Mkataba wa Biashara ya Silaha, uliopitishwa mwaka 2013.

Tofauti iliyopo kati ya Brussels na Nairobi ni kubwa. Huko Brussels watu waliokusudiwa kunyang'anywa hawakualikwa mezani. Huko Nairobi waliokaa mezani ni mataifa yaliyoumia. Tena walikubali ya kwamba nchi moja haiwezi kujiondolea silaha peke yake, kwa maana mpaka wetu ni mrefu na ng'ombe aliyeibiwa hana paspoti. Lakini kizuizi cha zamani kingalipo. Mtu hutoa bunduki yake siku ile anapoamini ya kwamba jirani ametoa yake, na ya kwamba akipiga kelele usiku askari atafika kabla ya mwizi kuondoka.

Baadhi yenu mtakuwa wabunge, machifu, mahakimu au maafisa wa polisi. Sheria ya silaha itakapowekwa mbele yenu, msiiulize tu kama ni kali. Ulizeni kama yambana mkubwa na mdogo sawasawa. Ulizeni kama jirani wa ng'ambo ya mpaka naye amekubali kuifuata. Zaidi ya yote, ulizeni kama yule atakayetangulia kuiweka bunduki yake chini amepewa mlinzi wa kweli. Watu wa Chetambe waliamriwa kutoa silaha bila kujibiwa swali hilo la mwisho, nao wakaamua kutegemea handaki lao.