Habari za Lengai: Kutoka Mifuko ya Mawe hadi Mkongo wa Baharini

Anayesimama katikati ya jiji la Arusha huuona Mlima Meru, volkano iliyotoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Lakini mlima unaowaka hasa katika mkoa wa Arusha uko kaskazini zaidi, wilayani Ngorongoro, karibu na Ziwa Natron. Ni Ol Doinyo Lengai, mlima mtakatifu wa Wamaasai. Kwa zaidi ya miaka 60 wanasayansi wa nchi mbalimbali wameufuatilia kwa pamoja, na walichokijua kilitegemea sana njia iliyokuwapo ya kupashana habari.

Mwanzoni njia hiyo ilikuwa mifuko ya mawe na barua. Mwaka 1960 Barry Dawson, mjiolojia wa serikali ya Tanganyika, alifika kwenye kreta, na mwaka 1962 jarida la Nature likachapisha aliyoyagundua. Zaha (lava) ya Lengai ni ya kabonati zenye sodiamu nyingi, yaani jamii ya magadi. Hutoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 hivi za joto, wakati zaha ya volkano nyingi huzidi 1,000, tena hutiririka kwa wepesi kama mafuta ya kupikia. Inapotoka ni nyeusi, lakini ikishanyonya unyevu wa hewani hugeuka nyeupe. Hapo ndipo umbali ulipowatesa watafiti. Jiwe lililochukua wiki kadhaa kufika maabara lilikuwa limekwisha kubadilika, na aliyeko ng’ambo aliijua kreta kwa barua ya zamani tu.

Kazi ya kukusanya ushuhuda wa wengi aliibeba Celia Nyamweru, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na baadaye Chuo Kikuu cha St. Lawrence, Marekani. Alipokea maelezo na picha kutoka kwa wapanda mlima na marubani wa ndege ndogo, akalinganisha sura ya kreta kila ilipobadilika. Taarifa hizo ziliingia katika kumbukumbu za volkano za Taasisi ya Smithsonian, na intaneti ilipoenea akazifikisha kwa yeyote aliyezihitaji.

Nyamweru alipokuwa katika kazi hiyo, mitandao ya kompyuta ndiyo kwanza ilikuwa ikiota mizizi Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mradi wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Lusaka na Harare. Kompyuta hazikuunganishwa muda wote. Ujumbe uliwekwa akiba, kisha simu ikapigwa na shehena nzima ikapita kwa mkupuo. Madaktari wa mtandao wa afya wa HealthNet walitumia setilaiti ndogo iliyopokea ujumbe ikipita juu yao na kuushusha ilipofika kwingine. Arusha nayo ilikuwa na kituo cha Arusha Node Marie, kilichofikisha barua pepe kwa mawimbi ya redio mahali ambako waya wa simu haukufika.

Thamani ya kushirikiana ilidhihirika mwaka 2007. Julai 17, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilitikisa eneo la Gelai, jirani ya Lengai, likasikika hadi Nairobi. Septemba Lengai ukalipuka na kuendelea kurusha majivu hadi 2008. Watafiti wa nchi kadhaa walilinganisha picha za rada za setilaiti, wakabaini kwamba miamba iliyoyeyuka ilikuwa imejipenyeza chini ya Gelai bila kufika juu. Maelezo hayo, hata hivyo, yalipatikana baada ya ardhi kutikisika.

Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam na kuharakisha intaneti, na mwaka 2016 ukaanza mradi wa TZVOLCANO. Virginia Tech ya Marekani, Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam na taasisi ya jiosayansi ya Korea Kusini waliweka kuzunguka Lengai vituo vinavyopima kwa setilaiti mwendo mdogo mno wa ardhi. Vipimo husafiri papo hapo na viko wazi kwa watu wote. Kwa vipimo vya 2016 hadi 2023, Ntambila Daud na wenzake walibaini kwamba kuanzia Machi 2022 ardhi ya hapo iliinuka kwa kasi, kisha kasi hiyo ikapungua. Safari hii mlima ulionekana ukivimba pasipo kusubiri mlipuko.

Mtandao, basi, umeondoa kusubiri, lakini haujaondoa wajibu. Vipimo vinavyosomwa Virginia na Korea Kusini vinaweza kusomwa pia Tengeru, chini ya Meru, iliko Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Wahadhiri na wanafunzi wetu wavizoee kama taarifa za mvua, na onyo likihitajika, liwafikie wafugaji wa Engare Sero, kijiji kilicho karibu na Lengai, kwa Kiswahili na Kimaasai kabla ya kuandikwa katika majarida ya ng’ambo.