Erasto Mpemba

Erasto Mpemba alikuwa Mtanzania aliyeipa fizikia athari ya Mpemba: hali ambapo, katika mazingira fulani, maji ya moto husemekana kuwahi kuganda kuliko ya baridi.

Ugunduzi

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, mkoani Tanga. Wanafunzi walitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari na kuyapoza kabla ya kuyaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa ikigombaniwa. Mwenzake akawahi kuweka maziwa yasiyochemshwa. Mpemba naye akaingiza yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado mazito tu. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa, ilhali wauza aiskrimu wa mjini Tanga walikuwa wakigandisha maziwa ya moto ili kuokoa muda.

Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na darasa likageuza jina lake kuwa mzaha. Hakunyamaza. Alijaribu mwenyewe kwa bika mbili kwenye jokofu la maabara ya biolojia, kisha akamuuliza mgeni wa shule, Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Osborne hakuamini, lakini aliagiza jaribio lifanywe, na matokeo yakamuunga mkono kijana. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika Chuo cha Mweka, fani aliyoifanyia kazi baadaye.

Mjadala

Kabla ya Mpemba, wanafalsafa Aristotle, Bacon na Descartes walikwisha kuigusia hali hii. Sababu zinazotajwa ni uvukizi, mikondo ndani ya maji, gesi zilizoyeyuka na maji kupoa chini ya nyuzi sifuri bila kuganda. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya wasiione athari yenyewe. Mwaka 2020 watafiti wa Canada waliionyesha kwa chembe ndogo mno iliyodhibitiwa kwa leza.

Urithi

Hata ikithibitika kwamba maji ya kawaida hayaonyeshi athari hiyo, swali la Mpemba limefungua utafiti mpana kuhusu namna vitu vinavyopoa. Heshima yake inatokana na kuamini alichokiona mpaka kikapimwa, na Osborne anastahili sehemu yake kwa kukubali kupima jambo ambalo wengine walilicheka.